Kwa nini ndoa za kifalme baada ya Alexander Mkuu zilizaa vita vya kurithi kiti?

Mpenda_Kale ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikiisoma sura ya 11 ya kitabu cha Danieli, ile inayosimulia ugomvi wa mfalme wa kusini na mfalme wa kaskazini. Nilipofika mahali panapoelezwa kwamba binti wa mfalme wa kusini atamwendea mfalme wa kaskazini ili kufanya mapatano, na kwamba mapatano hayo hayatasimama, nilitaka kujua ni nani hasa anayesemwa. Wafasiri wengi wanamtaja Berenice, binti wa Ptolemy wa Pili wa Misri, aliyeozwa kwa Antiochus wa Pili wa Siria mwaka 252 KK. Kadiri nilivyosoma habari zake ndivyo nilivyozidi kutatizika, kwa sababu ndoa ile iliyofungwa ili kumaliza vita ilizaa vita vingine ndani ya miaka sita, na bibi arusi mwenyewe akauawa pamoja na mwanawe.

Nimeona jambo hilohilo likijirudia katika falme zilizotokana na himaya ya Alexander, tangu kifo chake mwaka 323 KK hadi kifo cha Cleopatra wa Saba mwaka 30 KK. Ndugu anamuua ndugu, mama anamuua mwana, mjomba anamwoa mpwa wake, na majina ni yaleyale, Ptolemy, Antiochus, Cleopatra, Berenice, mpaka msomaji analazimika kuchora mti wa ukoo ili asipotee.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, kulikuwa na kanuni yoyote iliyojulikana ya nani arithi ufalme, au kila kifo cha mfalme kilikuwa mwanzo wa mapambano mapya? Pili, na hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, ikiwa wafalme hawa waliona kwa macho yao jinsi mabinti na dada zao walivyokufa katika nyumba za wakwe, kwa nini waliendelea kuwaoza humohumo kizazi baada ya kizazi? Nitashukuru kwa majibu yenye mifano, maana maelezo kwamba walikuwa na tamaa ya madaraka hayanitoshelezi. Tamaa hiyo iko kila mahali, lakini si kila mahali ilizaa matokeo haya.

Msimulizi_wa_Tarikhi amejibu:

Ndugu Mpenda Kale, jibu la swali lako la kwanza ni fupi: kanuni haikuwapo. Wamakedonia walitaka mfalme atoke katika ukoo wa kifalme na jeshi limkubali kwa kumshangilia, na zaidi ya hapo mambo yote yalikuwa wazi. Kuzaliwa kwanza kulimsaidia mtu lakini hakukumtosha, na kuteuliwa na baba kulikuwa na nguvu kwa kadiri tu ya wale waliokubali kulitekeleza neno lake baada ya yeye kuzikwa.

Shida hiyo iliongezwa na mitala. Philip wa Pili, baba yake Alexander, alioa wanawake saba, wengi wao wakifungamana na vita au mkataba fulani, na hakuna mahali tunapoona kwamba mmoja wao alitambuliwa rasmi kuwa mke mkuu. Katika nyumba ya namna hiyo hadhi ya mke ilimtegemea mwanawe na hadhi ya mwana ilimtegemea mama yake, kwa hiyo wake wenza na watoto wao walikuwa kambi za kisiasa hata kabla baba hajafa. Mwaka 337 KK, Philip alipomwoa msichana aitwaye Cleopatra, aliyekuwa chini ya ulezi wa jemadari Attalus, jemadari huyo alisimama karamuni akawataka Wamakedonia waiombe miungu iwape mrithi halali. Alexander, aliyekuwa ameketi palepale, akamrushia kikombe. Mwaka uliofuata Philip aliuawa, na haukupita muda mrefu Olympias, mama yake Alexander, akamwangamiza Cleopatra huyo pamoja na mtoto wake mchanga.

Alexander mwenyewe alipofariki Babeli mwezi Juni 323 KK, alimwacha Roxane akiwa mjamzito, na ndugu wa baba mmoja, Arrhidaeus, ambaye akili yake haikuwa timamu. Jeshi likawafanya wafalme wote wawili, yule asiyeweza kutawala na yule ambaye alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Roxane hakungoja: alimuua Stateira, binti wa Darius, mke mwenza wake, kabla hajawa hatari. Mwaka 317 KK Olympias alimuua Arrhidaeus na mkewe, mwaka uliofuata jemadari Cassander akahakikisha Olympias naye ameuawa, na yapata mwaka 310 KK Cassander huyohuyo akaagiza Roxane na mwanawe wauawe kwa siri. Hapo ukoo wa Philip ukakatika kwa upande wa wanaume halali, wakabaki wanawake, na kila jemadari akajua thamani yao. Cassander alimwoa Thessalonike, dada wa Alexander kwa baba, na kuupa jina lake mji alioujenga, mji ambao tunaujua hadi leo. Cleopatra, dada wa Alexander wa tumbo moja, alitakwa na majemadari wengi, na alipokuwa akijiandaa kutoka Sardi kwenda kwa Ptolemy mwaka 308 KK, Antigonus aliagiza auawe kuliko aende.

Lakini mfano unaolijibu swali lako vizuri kuliko wote uko katika nyumba ya Ptolemy wa Kwanza, na naomba uniruhusu nikae hapo kidogo. Ptolemy alimwoa Eurydice, binti wa Antipater. Eurydice alikwenda Misri pamoja na jamaa yake aitwaye Berenice, mjane mwenye watoto, na Ptolemy akampenda huyo akamwoa naye pia. Kila mke akazaa wana. Mwana mkubwa wa Eurydice, aliyeitwa Ptolemy na kupewa lakabu ya Keraunos, yaani Radi, alikuwa na kila sababu ya kujiona mrithi, lakini mwaka 285 KK mzee alimchagua mwana wa Berenice akamtawaza washirikiane ufalme angali hai. Uamuzi huo uliituliza Misri, maana siku baba alipokufa kiti hakikuwa tupu. Kwa Keraunos matokeo yake yalikuwa mengine kabisa: alitoka nchini akiwa mwana wa mfalme asiye na ufalme, tena mwenye dada zake wameolewa katika nyumba za wafalme wengine.

Akaenda Thrace kwa mfalme Lysimachus. Huko alimkuta Lysandra, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa mke wa Agathocles, mrithi wa Lysimachus. Alimkuta pia Arsinoe, binti wa Berenice, dada yake kwa baba tu, aliyekuwa mke wa Lysimachus mwenyewe na mama wa wana watatu wadogo. Ugomvi wa wake wenza wa Alexandria ulikuwa umehamia katika nyumba ya pili ukiwa mzima. Agathocles akauawa kwa amri ya baba yake, na waandishi wa kale wanasema Arsinoe ndiye aliyechochea ili kuwafungulia njia wanawe. Lysandra na watoto wake wakakimbilia kwa Seleucus, mfalme wa Siria, Seleucus akapata sababu ya vita, na mwaka 281 KK, huko Corupedium, Lysimachus akafa vitani akiwa mzee aliyepita miaka 70. Miezi michache baadaye Keraunos alimuua Seleucus aliyekuwa amempokea, akajitwalia Makedonia, kisha akamposa Arsinoe, dada yake huyohuyo wa baba mmoja, akimwahidi kuwafanya wanawe kuwa warithi wake. Arsinoe alikubali akamfungulia milango ya mji wa Cassandreia. Keraunos aliingia akawaua wana wawili wadogo mbele ya mama yao. Yule mkubwa alikuwa amemwonya mama yake, na hakuwapo. Mwaka 279 KK Keraunos naye aliuawa na Wagalatia walioivamia Makedonia.

Ukimwuliza mtu wa zama zile sababu ya Corupedium, huenda angekutajia mipaka na miji. Mimi naamini mzizi wake ni karamu mbili za arusi huko Misri ambazo hakuna aliyesema mapema ni ipi kati yake itakayompatia nchi mfalme.

BintiWaMwalimu amejibu:

Namshukuru Msimulizi. Nami ningependa kumrudia Berenice wa Danieli, ila kabla ya hapo kuna neno linalotupotosha tusomapo habari hizi kwa lugha yetu. Mara nyingi huandikwa kwamba Berenice alikwenda Siria na "mahari" kubwa. Kwa Kiswahili mahari hutoka kwa mume, ilhali kwa Wagiriki na Wamakedonia mali ilitoka kwa baba wa binti ikaenda pamoja naye, na tofauti hiyo inabadilisha maana ya ndoa yote. Mke wa kifalme aliingia katika nyumba ya mumewe akiwa na fedha, askari, au hata nchi ambayo baba yake angeweza siku moja kuidai. Lanassa, binti wa Agathocles wa Syracuse, alimletea Pyrrhus, mfalme wa Epirus, kisiwa kizima cha Corcyra, na alipochoka kuona mumewe anawajali zaidi wake wengine alirudi kisiwani kwake, akamwita Demetrius aje amwoe, na kisiwa kikahama pamoja naye.

Berenice aliletwa na mali nyingi kiasi kwamba alipewa lakabu yenye maana ya mleta mali ya ndoa. Baba yake alimsindikiza mpaka Pelusium, kwenye mpaka wa Misri, na baadaye akawa anampelekea maji ya mto Nile ili asinywe maji mengine yoyote. Habari hiyo ya maji hunigusa kila niisomapo, maana inaonyesha kwamba baba hakumchukulia binti yake kama amekwisha kuwa mtu wa Siria. Alitaka abaki wa Misri ndani ya nyumba ya Siria.

Ili kumpokea, Antiochus alimweka kando Laodice, mke wake wa miaka mingi na mama wa wanawe wawili. Maandishi ya jiwe ya wakati huo yanaonyesha mfalme akimwuzia Laodice kijiji cha Pannukome pamoja na ardhi yake kwa talanta 30 za fedha, na jina lake limeandikwa bila cheo cha malkia. Alitunzwa vizuri, lakini wanawe, waliokua wakijua kwamba watatawala, sasa walikuwa na mdogo wao mchanga ambaye babu yake ni mfalme wa Misri. Mwaka 246 KK Ptolemy wa Pili alifariki, na miezi michache baadaye Antiochus naye akafa huko Efeso, alikokuwa Laodice. Seleucus, mwana wa Laodice, akatangazwa mfalme. Berenice akamtangaza mwanawe huko Antiokia na kumwita kaka yake, Ptolemy wa Tatu, aje na jeshi. Jeshi halikufika kwa wakati wa kuwaokoa. Vita vilivyofuata viliendelea mpaka 241 KK na vilimfikisha mfalme wa Misri ndani kabisa ya Siria na kupita ng'ambo ya Frati.

Hapa, ndugu Mpenda Kale, ndipo ninapoliona jibu la swali lako la pili. Ukimwoza binti yako kwa mfalme mwenzako, mtoto atakayezaliwa atakuwa na mjomba, na mjomba huyo ana jeshi. Mpwa akitawala, nyumba yako imepata sauti katika nchi ya pili bila kupigana, na mpwa akiuawa, umepata haki ya kuivamia nchi hiyo mbele ya watu wote, maana nani atamlaumu mjomba anayedai damu ya mpwa wake? Kwa yule aliyemtoa binti, kila upande ulikuwa na faida yake, na ndiyo sababu waliendelea. Hasara ilimwangukia msichana mwenyewe, ambaye mara nyingi hakuulizwa.

Kitabu cha Danieli kinataja ndoa ya pili, na hiyo inaonyesha jambo likienda kinyume na alivyotaka baba. Majira ya baridi ya 194/193 KK, Antiochus wa Tatu alimwoza binti yake Cleopatra kwa Ptolemy wa Tano huko Raphia, akitarajia kuwa na mkono wake ndani ya Alexandria. Binti akageuka kuwa malkia wa Misri kwa moyo wote. Wakati Warumi walipomfukuza baba yake kutoka Ugiriki, wajumbe waliokwenda Roma kutoa pongezi walitumwa kwa jina la Ptolemy na Cleopatra kwa pamoja. Mumewe alipofariki mwaka 180 KK alitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, na maadamu alikuwa hai hapakuwa na vita kati ya Misri na nyumba ya ndugu zake. Alikufa, madaraka yakaangukia mikononi mwa Eulaeus na Lenaeus, watumishi wa jumba la mfalme, na mwaka 170 KK vita vikaanza, ikiwa sehemu ya ubishi ule ni nchi ya kuanzia Lebanoni hadi Palestina, ambayo Wamisri walidai iliahidiwa katika mali ya ndoa yake. Sijui kwa nini mama huyu hatajwi zaidi. Majina ya waliopigana yanajulikana kuliko jina la aliyewazuia.

Mpenda_Kale ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Dada BintiWaMwalimu, hoja ya mjomba imenifumbua macho. Sasa imenizalia swali jingine. Ikiwa hatari ilitoka kwa wakwe na kwa wajomba wa nje, je, ndoa za kaka na dada zilizokuja kuwa desturi ya nyumba ya Ptolemy zilikuwa jaribio la kuifunga milango, ili asiwepo mjomba wa nje wala mke mwenza mgeni? Na kama ndivyo, mbona nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kumwaga damu ya jamaa zake kuliko nyingi?

Msimulizi_wa_Tarikhi amejibu:

Naona umekaribia sana. Arsinoe niliyemwacha hapo juu, aliyeshuhudia wanawe wakiuawa Cassandreia, alikimbilia kisiwa cha Samothrace na kisha Misri, kwa kaka yake wa tumbo moja, Ptolemy wa Pili. Kaka huyo alikuwa na mke tayari, naye pia aliitwa Arsinoe, binti wa Lysimachus. Mke huyo akashutumiwa kwa njama akapelekwa Coptos, Misri ya Juu, na kabla ya mwaka 273 KK dada akaolewa na kaka. Wagiriki wengi walishtuka. Washairi wa jumba la mfalme waliwakumbusha kwamba Zeus na Hera ni ndugu, Wamisri walikuwa na Isis na Osiris, na kabla ya kuisha miaka mingi wawili hao wakaabudiwa kwa jina la Miungu Ndugu.

Jambo linalonivutia zaidi ni jinsi ndoa hiyo ilivyotumiwa kusafisha urithi. Arsinoe wa Pili hakumzalia kaka yake mtoto, na mrithi alikuwa mwana wa yule aliyefukuzwa. Lakini katika maandishi yaliyokuwa Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu katika nchi ambayo leo ni Eritrea, maandishi ambayo tunayajua kwa sababu msafiri Cosmas aliyanakili karne ya 6, Ptolemy wa Tatu anajitaja kuwa mwana wa mfalme Ptolemy na malkia Arsinoe, Miungu Ndugu. Mama mzazi amefutwa, na mtoto wa mke aliyeachwa amehamishiwa kwa mke aliyebaki. Watoto hawakuwa na kambi mbili tena kwa sababu mama alikuwa mmoja, angalau juu ya jiwe. Kizazi hicho kilipita kwa amani.

Ila tazama kilichotokea wakati ndugu walipokuwa wengi. Katika nyumba inayooza ndani kwa ndani, dada wa mfalme hatoki tena kwenda nchi ya mbali. Anabaki palepale, na yeye mwenyewe ana haki ya kutawala inayolingana na ya kaka yake. Cleopatra wa Pili aliolewa na kaka yake Ptolemy wa Sita, na huyo alipofariki mwaka 145 KK akaolewa na kaka yake mwingine, Ptolemy wa Nane, ambaye kwa simulizi ya mwandishi wa kale Justin alimuua mwana wa Cleopatra huyo siku ileile ya arusi. Baadaye Ptolemy akamwoa pia Cleopatra wa Tatu, binti wa mkewe kwa kaka yake marehemu, bila kumwacha mama. Nyaraka za serikali za wakati huo zikawa zinafunguliwa kwa majina ya mfalme Ptolemy, malkia Cleopatra dada, na malkia Cleopatra mke. Mama na binti wakawa wake wenza, na ugomvi ambao babu zao walikuwa wakiuagiza kutoka Makedonia na Siria ukazaliwa hapohapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, yapata mwaka 132 KK, Ptolemy alikimbilia Kipro pamoja na Cleopatra wa Tatu. Alexandria ikabaki kwa Cleopatra wa Pili, na mfalme akamuua Memphites, mwana aliyemzaa na dada yake huyo, akampelekea mama viungo vya mtoto katika sikukuu yake ya kuzaliwa. Miaka kadhaa baadaye watu hao watatu walirudi kutawala pamoja, na mwaka 118 KK wakatoa tangazo la msamaha kwa raia wote. Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi, limejaa mambo ya kodi, mashamba na mahekalu, na bado sielewi walivyoweza kuketi chumba kimoja kulitia sahihi.

Nahodha_wa_Vitabu amejibu:

Nimefuatilia kwa makini, na ninakubaliana na mengi, lakini ningependa kutahadharisha mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu vyanzo. Habari nyingi za malkia wauaji zinatujia kwa waandishi walioandika karne kadhaa baadaye, wakipenda masimulizi ya sumu na machozi. Inasemwa kwamba Laodice alimpa Antiochus sumu huko Efeso. Orodha ya wafalme iliyoandikwa Babeli na watu walioishi karibu na matukio hayo inasema tu kwamba katika mwaka wa 66 wa kalenda ya Seleucus, yaani 246 KK, habari zilisikika mjini kwamba Antiochus, mfalme mkuu, amekufa. Sisemi kwamba Laodice hakuwa na hatia ya damu ya Berenice, ila sumu ya mumewe ni jambo tunaloambiwa na watu wa mbali. Mfalme akimuua ndugu yake huitwa mwanasiasa, na malkia akimlinda mwanawe huitwa mchawi. Tuwe waangalifu tusirithi hukumu hiyo.

La pili, si kila nyumba ilikuwa hivyo. Mwandishi Plutarch anasema kuwa katika ukoo wa Antigonus, uliotawala Makedonia, kwa vizazi vingi, ni Philip wa Tano peke yake aliyemuua mwanawe, Demetrius, mwaka 180 KK, ilhali katika koo nyingine mauaji ya ndugu yalichukuliwa kama kanuni ya hesabu ambayo haihitaji kuthibitishwa. Kisha mtazame ukoo wa Pergamo. Attalus wa Kwanza alimwoa Apollonis, binti wa raia wa kawaida wa Cyzicus, asiye na baba mfalme wala kaka mwenye jeshi, na akabaki naye huyo mmoja. Wakapata wana wanne, na mama alizoea kuishukuru miungu kwamba mwanawe mkubwa anaishi bila woga akilindwa na wadogo zake wenye mikuki. Mwaka 172 KK Eumenes wa Pili alivamiwa karibu na Delphi, ikatangazwa kwamba amekufa, na mdogo wake Attalus akavaa taji na kumwoa shemeji yake Stratonice. Eumenes akarudi akiwa hai! Attalus akavua taji akaenda kumlaki pamoja na walinzi wengine, na kaka yake akamnong'oneza tu kwamba siku nyingine asiharakishe kuoa kabla hajamwona amekufa. Miaka michache baadaye watu wa Roma walimshawishi Attalus aombe sehemu ya ufalme wa kaka yake, naye akakataa. Kaka alipofariki kweli, Attalus alimwoa Stratonice tena, akatawala, na mwaka 138 KK ufalme ukamwendea Attalus wa Tatu, mwana wa kaka yake.

Kwa hiyo hoja ya dada BintiWaMwalimu inathibitishwa na upande wa pili: palipokuwa na mama mmoja asiye na nyumba ya kifalme nyuma yake, ndugu waliishi. Utulivu huo, hata hivyo, ulikuwa na gharama. Ukiacha wana hao wanne, wafalme wa Pergamo walikuwa na wana wachache mno. Philetaerus, mwanzilishi wa ukoo, alikuwa towashi na alirithiwa na mtoto wa ndugu yake. Attalus wa Tatu alikufa mwaka 133 KK bila mtoto, akauachia ufalme wake Roma kwa wosia.

BintiWaMwalimu amejibu:

Ndugu Nahodha, nakubali onyo lako kuhusu sumu, na ningependa kumtaja mwanamke ambaye hatuna haja ya kuwategemea waandishi wa baadaye peke yao ili kumjua, kwa sababu sarafu zake zipo.

Cleopatra Thea alikuwa binti wa Cleopatra wa Pili na Ptolemy wa Sita. Mwaka 150 KK baba yake alimwoza kwa Alexander Balas, aliyekuwa akidai ufalme wa Siria, na arusi ikafanyika Ptolemais. Miaka michache baadaye baba huyohuyo alibadili upande, akamchukua binti yake akampa Demetrius wa Pili, adui wa mumewe. Demetrius akatekwa na Waparthi mwaka 138 KK, huko akaozwa binti wa mfalme wao aitwaye Rhodogune, na Thea akaolewa na shemeji yake Antiochus wa Saba, aliyekufa vitani mwaka 129 KK. Demetrius akarudi kutoka utumwani, aliposhindwa vita akaja malangoni pa Ptolemais, na mkewe akakataa kumfungulia. Mwana wao Seleucus alipojitangaza mfalme bila ruhusa ya mama, mama akamuua. Hilo waandishi wa kale wanalisema wazi, na ni dhambi nzito ambayo siitetei.

Lakini zitazame sarafu. Mwaka 126/125 KK huko Ptolemais ilitolewa sarafu ya fedha yenye sura yake peke yake, akiwa na kilemba cha kifalme, na nyuma yake pembe mbili za neema. Jina ni la malkia Cleopatra, na hakuna la mume wala la mwana. Alikuwa amekabidhiwa kwa wanaume watatu kama mkataba unavyokabidhiwa, na sasa anasimama mwenyewe. Haikudumu. Sarafu zilizofuata zina nyuso mbili, yake mbele na ya mwanawe Antiochus Grypus nyuma yake, na jina lake likitangulia la mfalme. Mwaka 121 KK mwana huyo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alirudi kutoka mazoezini, mama akamletea kikombe cha kinywaji, naye akamlazimisha akinywe yeye kwanza. Sarafu zilizotolewa baada ya hapo zina uso mmoja, wa Grypus.